Vipele vya kwenye vinyweleo vinavyorudi rudi: jinsi ya kujua ni vya aina gani na ufanye nini

Kama una vipele vidogo vyenye usaha kwa juu, vinatoka kwenye ndevu au kisogoni au mgongoni au kwenye mapaja na makalio, vinapoa wiki mbili afu vinarudi palepale, na ushameza antibayotiki mpaka hukumbuki ni dozi ya ngapi, basi haya maelezo nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi nimeishi navyo karibu miaka sita hapa Dar na kosa langu lilikuwa kudhani ni ugonjwa mmoja, kumbe mwilini kwangu yalikuwa magonjwa mawili, vya mgongoni vilikuwa vya fangasi na vya kisogoni vilikuwa vinaletwa na namna ninavyonyoa, kwahiyo kila nilipomeza dawa ya bakteria kwa ajili ya kisogo mgongo ndo unazidi kuchafuka na mimi naongeza dozi.

Vipele vikirudi rudi maana yake kuna kitu kinavirudisha, na kazi ya kwanza ni kukitafuta hicho kitu kabla hujanunua tyubu nyingine.

Kwanza hakikisha kweli vipo kwenye kinyweleo

Kila unywele mwilini unaota ndani ya kimfuko kidogo sana chini ya ngozi. Hicho kimfuko kikiingia wadudu au kikisuguliwa sana au kikizibwa na mafuta kinavimba, na hapo ndo unapata kipele. Hospitali wataita folikulitisi. Chukua kioo na tochi ya simu, au mwambie mtu akupige picha ya karibu afu uivute, ukiangalia vizuri utaona katikati ya kipele kuna unywele unapita au umejikunja chini ya ngozi. Vipele vingi vinakua vya milimita 2 hadi 5 hivi na vimetawanyika, kila kimoja na unywele wake.

Kuna njia moja rahisi ambayo daktari alinifundisha na sijaisahau, viganjani na nyayoni hakuna vinyweleo kabisa. Kwahiyo ukiona vipele vyenye maji au usaha viganjani na chini ya miguu, hivyo sio hivi tunavyoongelea, ni kitu kingine na ukaangaliwe. Tena tangu 2024 mpox, ile iliyokuwa inaitwa homa ya nyani, imesambaa Kongo, Burundi, Uganda na nchi nyingine za huku kwetu mpaka WHO ikatangaza dharura mwezi wa nane mwaka huo, so mtu mwenye vipele pamoja na homa na mitoki imevimba asikae nyumbani anapaka krimu.

Na jambo lingine ambalo linatuponza sisi watu weusi, maelezo mengi yanasema angalia kama ngozi imekua nyekundu. Kwenye ngozi yangu mimi huo wekundu hauonekani, panakua peusi zaidi ya pengine, au kama zambarau hivi, au kahawia iliyokolea. Usisubiri wekundu. Tumia mgongo wa mkono wako uguse, kama pana moto kuliko ngozi ya pembeni na panauma ukibonyeza basi pamevimba, hata kama kwa macho huoni kitu.

Vinavyochanganywa navyo mara nyingi ni hivi. Skabi, hii inawasha zaidi usiku, inapenda katikati ya vidole na kwenye mikunjo, na ukiuliza nyumbani utakuta kuna mwingine anajikuna. Vipele vya joto, vile vidogo vidogo vya kipindi cha joto kali, havina unywele katikati na vinaisha ukipoa. Chunusi za kawaida zina vile vichwa vyeusi au vyeupe vilivyoziba. Na kuna jipu moja ambalo lina kitundu kidogo katikati na unahisi kama kuna kitu kinatembea ndani, hilo ni la yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, anaacha funza ndani ya ngozi, ndo mana bibi zetu wanasisitiza kupiga pasi mpaka chupi na nepi za mtoto. Pasi ya moto inaua mayai, huo ushauri ni sahihi kabisa.

Sasa ni vya aina gani

Hapa usiharakishe, mana dawa ya aina moja inaweza kuharibu nyingine.

Vya bakteria ndo vingi. Mdudu wake anaitwa stafilokokasi na cha kushangaza ni kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu anaye tu puani mwake bila kuumwa chochote. Unajigusa pua, unajikuna paja, unanyoa, unamhamisha. Vipele vyake vina usaha wa njano au mweupe juu, vinauma zaidi kuliko kuwasha, na kimoja kikizama chini kinakua jipu. Ukiona unapata majipu kila baada ya mwezi au miwili, leo kwapa kesho kalio, na pengine mke au mtoto naye yanamtoka, hapo fikiria pua na taulo za nyumbani.

Vya fangasi, hivi ndo vilivyonitesa mimi. Huyu fangasi anaitwa malasezia, anaishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima na anakula mafuta ya ngozi. Ukitoka jasho sana, ukivaa nguo inayobana isiyopitisha hewa, ukijipaka mafuta mazito ya mgando, au ukimeza antibayotiki zikaua bakteria waliokua wanashindana naye, yeye anapata nafasi. Dalili yake ni hii: vipele vinafanana vyote saizi, vidogo kama milimita 1 au 2, vimejaa kifuani, mgongoni juu, mabegani, na wakati mwingine kwenye paji la uso karibu na nywele, na vinawasha. Kuwasha ndo neno lenyewe. Ukioga ukatoka jasho tena vinachoma choma kama sindano. Na kama ulipewa antibayotiki vikaongezeka, karibu umeshapata jibu.

Vya ndevu vinavyotokana na kunyoa, hapa kiukweli wala sio maambukizi mwanzoni. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata karibu sana na ngozi kwa wembe zinabaki na ncha kali iliyokatwa mshazari, zikianza kuota zinapinda zinarudi kuchoma ngozi, au zinaota kwa chini kabla hazijatoka. Mwili unaona unywele kama mwiba na unavimba. Ndo mana ukinyoa ijumaa jumapili umeshajaa vipele shingoni na chini ya taya. Wanajeshi weusi wa Marekani wamepata shida na hili miaka mingi kwa sababu ya sheria ya kunyoa ndevu, hadi madaktari wa huko wakawa wanawaandikia vyeti vya kuruhusiwa kutonyoa. Kwahiyo sio uchafu, ni umbo la unywele na wembe. Akina dada wanaonyoa au kupiga waksi kinenani na kwapani shida ni ileile.

Vya kisogoni vinaanza hivyohivyo, vipele viwili vitatu pale nywele zinapoishia nyuma ya shingo, afu kadri unavyopiga zero na kuchonga kwa wembe vinakua vigumu, vinaungana, vinakua kovu lililovimba ambalo unywele hauoti tena. Hili usilichukulie poa hata kidogo. Likiwa dogo linatibika kwa krimu, likiwa kubwa linaweza kuhitaji upasuaji. Kola ngumu ya shati na helmeti ya bodaboda inayosugua palepale vinaongeza.

Vya misuko. Mdogo wangu wa kike alisuka rasta zimebana mpaka hawezi kulala, siku ya tatu akatoka vipele vyenye usaha mstari mzima wa mbele. Akaambiwa apake mafuta, vikazidi. Dawa ilikuwa kufumua. Ukivumilia kubana namna hiyo mara kwa mara kinyweleo kinakufa na nywele za mbele hazirudi tena, na huyo mama anayekusuka akikwambia yatalegea yenyewe wiki ijayo, mwambie kwa adabu afumue zile za mbele.

Vingine kwa ufupi. Ukitoka vipele vinavyowasha chini ya nguo ya kuogelea siku moja mpaka tano baada ya kuingia jakuzi au bwawa la maji ya moto ambalo klorini yake haitoshi, hivyo ni vya mdudu anaitwa pseudomonasi na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi vinaisha vyenyewe ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Mafundi magari wanaovaa ovaroli iliyolowa oili wanapata mapajani na mikononi, dawa ni kubadili ovaroli. Wanaopaka mkorogo au krimu za steroidi, zile kali za kutuliza uvimbe na kuwasha, muda mrefu wanapata vipele vya saizi moja kifuani na usoni, hapo krimu yenyewe ndo ugonjwa.

Viwili visikupite. Kama ni uvimbe wa ndani unaouma, kwapani, kinenani, chini ya matiti au kati ya makalio, unapasuka unatoa usaha, unarudi palepale, unaacha makovu kama kamba na vitundu vinavyovuja, huo sio majipu ya kawaida. Ni ugonjwa wake unaitwa hidradenaitisi, mara nyingi unaanza baada ya kubalehe, hauambukizi, hautokani na uchafu, na watu wanateseka nao miaka mingi wanachanwa majipu moja moja bila kuambiwa jina. Muone daktari wa ngozi mapema. Na kama vinawasha sana sana, usoni, shingoni, kifuani na mikono ya juu, na hakuna dawa inayovigusa, kapime HIV. Kuna aina inayowapata watu ambao kinga yao imeshuka sana, na inatulia wakianza dawa za ARV, ingawa miezi ya mwanzo ya dawa vinaweza kuongezeka kidogo kabla havijatulia. Asiache dawa kwa ajili hiyo.

Tafuta kinachovirudisha

Chukua daftari au noti za simu, mwezi mmoja tu. Kila vikitoka andika tarehe, sehemu, ulinyoa lini na kwa kifaa gani, ulivaa nguo gani, ulitoka jasho kiasi gani, umepaka nini, umemeza dawa gani. Piga picha kwenye mwanga uleule. Mimi nilipofanya hivi nikaona kisogo kinachafuka siku ya pili au ya tatu baada ya saluni, kila mara, na mgongo unachafuka wiki ambazo nimeenda jim nikarudi kwenye daladala na ile tisheti mbichi mpaka nyumbani, saa moja na nusu kwenye foleni. Miaka sita sikuwahi kuona hilo, wiki nne za kuandika zikanionyesha.

Sambamba na hilo kapime sukari, hasa kama ni majipu yanayorudi. Sukari ya asubuhi hujala kitu ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na ukirudia siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hiyo ni kisukari, na huwezi kumaliza majipu wakati sukari iko juu. Kuna watu wamegundua kisukari chao kupitia jipu.

Matibabu ya nyumbani, kwa kila aina

Kwa vyote, kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, unakandamiza dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Kitambaa kinafuliwa kila siku, sio kile kile wiki nzima. Hii peke yake inasaidia kipele kupasuka chenyewe na usaha kutoka bila kukamua. Na acha kunyoa sehemu hiyo.

Vya bakteria vichache: oga kwa sabuni ya kuua wadudu, benzoili peroksaidi ya asilimia 5 ya kuoshea ni nzuri sana, unapaka unaiacha dakika mbili tatu afu unaosha, ila jua inafifisha rangi ya taulo na nguo kwahiyo tumia taulo jeupe. Afu krimu ya mupirosini au ya fusidiki asidi mara mbili tatu kwa siku kwa siku 5 hadi 7, uishie hapo, usipake mwezi mzima mana mdudu anaizoea. Vikiwa vingi au vimezama, vidonge vya antibayotiki anaandika daktari.

Ya majipu yanayorudi kila mwezi kuna utaratibu wa kumtoa mdudu mwilini na nyumbani, ongea na daktari mfanye pamoja. Mupirosini inapakwa ndani ya pua zote mbili mara mbili kwa siku, siku 5. Siku hizo hizo unaoga mwili mzima kila siku kwa klorheksidini ya asilimia 4, isiingie machoni wala masikioni. Na kila siku unabadilisha taulo, shuka, nguo za ndani, zinafuliwa kwa maji ya moto, zinakaushwa juani na kupigwa pasi. Kila mtu na taulo lake na wembe wake. Kama kuna mwingine nyumbani anatoka majipu mfanye kwa pamoja, la sivyo mtarudishiana. Wengi wanapaka pua wanaacha taulo, na mwezi unaofuata wako palepale.

Vya fangasi: acha antibayotiki kama daktari amekubali, acha mafuta ya mgando mgongoni na kifuani. Nunua shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, ile ya mba, unalowa mwili, unapaka povu mgongoni, kifuani na mabegani, unaliacha dakika 5 hadi 10 (mimi nilikuwa nasimama bafuni nahesabu), unaosha. Fanya kila siku au siku moja ndio siku moja hapana kwa wiki tatu nne, afu baada ya hapo mara moja kwa wiki usiache, mana huyu fangasi ni mkazi wa ngozi, haondoki moja kwa moja, ukiacha anarudi. Isipotosha daktari anaweza kukupa vidonge vya flukonazoli au itrakonazoli. Vidonge vya ketokonazoli usimeze kwa ajili ya hili hata ukiviona dukani, vinaweza kuharibu ini, tunatumia ya kuoshea tu.

Vya ndevu: acha wembe wiki nne. Najua kazini wengine hawaruhusu, omba barua ya daktari. Wiki ya kwanza na ya pili vinaweza kuonekana vibaya zaidi, vumilia, unywele ukifika kama sentimita moja unajichomoa wenyewe. Ukiona umejikunja juu juu tumia sindano uliyoisafisha kwa spiriti kuuinua ncha itoke nje tu, usiung'oe, ukiung'oa unaokuja utaota kwa ndani zaidi. Ukirudi kunyoa tumia mashine inayobakiza milimita 1, na kama lazima wembe basi wa blade moja, baada ya kuoga maji ya moto, na povu la kutosha, fuata unywele unakoelekea, usivute ngozi, usirudie sehemu ile ile mara tatu. Blade nyingi zinauvuta unywele juu afu zinaukata chini ya ngozi, ndo zinazoleta shida. Krimu ya adapalini usiku inasaidia, anza siku moja ndio siku moja hapana mana inachubua, na mama mjamzito asiitumie. Wenye uwezo kuna leza, ya mawimbi ya nanomita 1064 ndo salama zaidi kwa ngozi nyeusi, uliza kabla hujalala kitandani, leza ya aina nyingine inaweza kukuunguza ikakuachia madoa.

Kisogo: hakuna zero, hakuna wembe, hakuna kuchonga mstari nyuma. Mwambie kinyozi abakize nywele kidogo nyuma na aache mstari ufifie wenyewe. Ukikutana na kinyozi mgeni sema kabla hajawasha mashine, mana akishaanza unaona aibu. Nunua mashine yako mwenyewe kama unaweza. Kama huwezi, hakikisha anatoa nywele zote kwenye meno ya mashine kwa brashi kwanza ndo aweke spiriti na asubiri, spiriti juu ya meno yaliyojaa nywele na mafuta ya mtu aliyepita haifanyi kitu. Na wembe ni mpya unafunguliwa mbele yako, hapa sio vipele tu, homa ya ini B nayo inapita hapo. Vipele vikishakua vigumu daktari anatumia krimu kali ya steroidi pamoja na antibayotiki ya doksisaiklini, au sindano ya steroidi ndani ya uvimbe kila wiki nne hadi sita.

Vitu vya kuacha leo

Zile krimu za tatu kwa moja, yani steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja. Kila duka la dawa wanazo, ni bei rahisi, na ndo za kwanza kupewa ukisema una vipele. Nilipewa hivyo kwenye duka moja mtaani kwetu nikapaka miezi mitatu. Siku tatu za mwanzo unaona muujiza, kuwasha kumeisha, mana steroidi imetuliza uvimbe, huku chini fangasi anakua kwa raha. Ukiacha vinarudi mara mbili, unapaka tena, ngozi inakua nyembamba. Huyo muuzaji hakuwa na nia mbaya, aliniuliza "inawasha kaka?" nikasema ndio, akaishia hapo, hakuniomba hata kuona mgongo.

Ampiclox za kununua nne nne unameza ukipata nafuu unaacha. Hizo zinafundisha wadudu. Dozi ukipewa maliza, na kama hujaandikiwa usianze.

Dawa ya meno, limao, kitunguu saumu, spiriti juu ya kipele kilichopasuka, vyote vinaunguza. Limao ukipaka ukatoka juani linaweza kukutoa malengelenge na doa jeusi la miezi. Kukamua, hasa kuanzia juu ya pua hadi pembe za mdomo, mishipa ya hapo inaungana na ya kichwani na maambukizi yanaweza kupanda. Kusugua na skrabu ngumu au dodoki ukidhani unatoa uchafu, unazidi kuchana vinyweleo.

Jasho lenyewe hulikwepi Dar au Mombasa, ila unaweza usikae nalo. Tisheti ya kubadilisha kwenye begi, boksa za pamba zisizobana, oga ukimaliza mazoezi, kausha kabisa kinena kabla ya kuvaa. Wenye kukaa kwenye kiti cha plastiki au ngozi masaa nane, madereva hasa, kitambaa cha pamba juu ya kiti kinasaidia makalio kuliko krimu.

Lini uende hospitali na ukafanye nini

Nenda leo leo kama una homa na kutetemeka, pamevimba panasambaa kwa masaa, kuna mstari unapanda kutoka kwenye jipu, jipu liko karibu na jicho au puani, au mgonjwa ni kichanga, ana kisukari au kinga yake iko chini. Nenda wiki hii kama umefanya ya nyumbani wiki mbili bila nafuu, au vinaacha makovu, au vimerudi mara ya tatu.

Ukifika usiombe dawa tu, omba vipimo. Usaha unaweza kuchukuliwa kwa kijiti ukaoteshwa maabara, wakajua ni mdudu gani na dawa ipi inamuua, na kwa vya fangasi wanakwangua kidogo wanaangalia kwenye darubini. Nenda hujameza antibayotiki siku kadhaa, ukimeza asubuhi ukapimwa mchana majibu yatadanganya. Beba zile picha na daftari lako, beba na maboksi ya kila krimu uliyopaka hata kama unaona aibu kwa sababu ya mkorogo, daktari anahitaji kujua. Waambie wazi kama vipo sehemu za siri pia. Madaktari wa ngozi ni wachache lakini wapo hospitali za rufaa, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 kinachofundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwahiyo uliza hospitali ya mkoa wako kama kuna mtaalamu wa ngozi na siku yake ya kliniki ni ipi kabla hujafunga safari.

Daktari wangu alinikalisha dakika ishirini tu. Aliuliza maswali matatu, vinauma au vinawasha, vilianza kabla au baada ya antibayotiki, na unanyoa vipi. Mgongo ukasafika kwa wiki tano na shampuu ya mba. Madoa meusi yalibaki, hayo yanafifia yenyewe taratibu kwa miezi, ukinga jua na usikune yanawahi, na usikimbilie krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni au zebaki, hapa Tanzania na Kenya zimepigwa marufuku na sababu ni nzito. Kisogoni nimebaki na vinundu viwili vigumu saizi ya punje ya mahindi, nachomwa sindano kila baada ya wiki sita na vinazidi kulala, na nywele za nyuma sa hivi naziacha ziwe ndefu kidogo.